Jinsi ya Kumsoma Waldmüller: Mwongozo Kamili wa Kuangalia Picha za Mchoraji wa Vienna

Kuna picha ya zamani ambayo kila baada ya muda huzuka upya kwenye makundi ya WhatsApp. Msichana anatembea kwenye njia ya kijijini, kainamisha macho kwenye kitu kidogo alichokishika mikononi, na watu wanaapa kwamba ni simu. Picha yenyewe ni ya miaka ya karibu na 1860. Inaitwa Die Erwartete, yaani anayengojewa, na alichoshika ni kitabu cha sala. Aliyeichora ni Ferdinand Georg Waldmüller, mzaliwa wa Vienna.

Wengi wakishacheka hufunga picha na kuendelea na mambo yao. Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kubaki. Waldmüller amebandikwa sifa ya mchoraji wa watoto wenye mashavu mekundu na wakulima wasiojua shida, picha za kupamba kalenda. Kwa maoni yangu sifa hiyo inamwonea, na dawa yake si kusoma vitabu vingi bali kujua namna ya kuangalia. Unahitaji simu yenye intaneti (kompyuta ni bora zaidi), daftari na subira. Kijerumani si lazima, ila majina ya picha nimeyaacha kwa Kijerumani kwa sababu ndivyo utakavyoyaandika unapozitafuta.

Hatua ya 1: Mweke mtu mahali pake

Usianze na picha. Anza na ukurasa mmoja wa daftari wenye safu mbili: upande mmoja maisha yake, upande wa pili mambo ya nchi yake.

Upande wa maisha, andika haya. Alizaliwa Vienna tarehe 15 Januari 1793. Mwaka 1807 aliingia Chuo cha Sanaa cha Vienna, akawa anasoma kwa vipindi huku akitafuta riziki. Mwaka 1811 alikuwa Zagreb, Kroatia, akifundisha watoto wa gavana Gyulay kuchora. Mwaka 1814 alimwoa mwimbaji wa opera, Katharina Weidner, na kwa miaka kadhaa akawa anamfuata mkewe kutoka jukwaa la mji huu hadi la mji ule, yeye akichora mandhari za jukwaani. Waliporudi Vienna mwaka 1817, mke ndiye aliyekuwa na mkataba wa maana, katika ukumbi wa Kärntnertor. Mume alijifunza kazi kwa kunakili picha za mabingwa wa zamani makumbushoni. Ndoa ilivunjika mwaka 1834. Mwaka 1851 alioa tena, safari hii Anna Bayer, fundi wa kofia za wanawake.

Upande wa nchi, weka Metternich, waziri wa mambo ya nje wa Austria. Baada ya Napoleon kushindwa, wafalme wa Ulaya walikutana Vienna mwaka 1814 na 1815 kugawana ramani upya, na waziri Metternich akahakikisha hakuna atakayepiga kelele tena. Amri za Karlsbad za mwaka 1819 zilibana magazeti, vitabu na vyuo vikuu, na wapelelezi wakawa kila mahali. Watu wa mjini wakaingia ndani na kufunga mlango: muziki wa sebuleni, samani nzuri, picha za familia. Kipindi hiki, hadi mwaka 1848, ndicho kinachoitwa Biedermeier. Picha za maisha ya kila siku zilishamiri kwa sababu hiyo. Mama anayenyonyesha au mtoto anayetoka shule havikumtisha mkaguzi yeyote.

Kisha andika 1848 kwa wino mzito. Mwezi Machi watu waliingia barabarani na Metternich akakimbilia Uingereza. Septemba mwaka huohuo, kazi za lazima ambazo wakulima walikuwa wakiwafanyia mabwana wa ardhi zikafutwa kwa sheria. Fidia kwa mabwana ililipwa baadaye, na sehemu yake ilimwangukia mkulima mwenyewe. Kwa hiyo unapoangalia mkulima wa Waldmüller, tazama kwanza mwaka wa picha. Mkulima wa 1843 bado anadaiwa siku za kazi na bwana wake, na wa 1855 yuko huru ila ana fidia ya kulipa.

Hatua ya 2: Pata picha inayofaa kuangaliwa

Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu. Wanachukua picha ya kwanza inayotokea, iliyokwisha kupita mikono mia, rangi zimeungua na kingo zimekatwa. Waldmüller ni mchoraji wa vitu vidogo vidogo na mwanga mkali, kwa hiyo nakala mbovu inamuua kabisa: mwanga unageuka unjano na nyuso zinakuwa za plastiki.

Nenda moja kwa moja kwa wenye picha. Jumba la Belvedere la Vienna lina mkusanyiko mkubwa wa kazi zake, na kwenye tovuti yake kuna sehemu ya mkusanyiko unayoweza kutafuta kwa jina la msanii. Wien Museum, makumbusho ya jiji, nayo ina mkusanyiko wake mtandaoni. Ukishindwa kupata herufi ü kwenye kibodi, andika Waldmueller. Picha nyingi hupakuliwa bure, na kwa kuwa mchoraji alifariki mwaka 1865, hakimiliki ya kazi zake imekwisha zamani. Lakini soma mstari mdogo chini ya kila faili kabla ya kuichapisha popote, maana kila jumba lina masharti yake.

Pakua faili kubwa kuliko zote zilizopo. Jambo la kwanza la kusoma ni vipimo na kitu kilichochorewa. Am Fronleichnamsmorgen, kwa mfano, ni rangi ya mafuta juu ya ubao, kama sentimita 65 kwa 82. Mtu anaweza kuibeba kwapani. Ubao ni muhimu: uso wake ni laini kuliko turubai, nyuzi hazipo, kwa hiyo brashi nyembamba inaweza kuchora unywele mmoja mmoja. Ukikuza picha zake nyingi hutaona alama ya brashi. Wako wanaoona hilo ni baridi, kazi ya mtu aliyejificha nyuma ya ufundi. Mimi nililizoea polepole.

Hatua ya 3: Fuata mwanga kabla ya kufuata hadithi

Rudi sasa kwa Die Erwartete. Msichana yuko njiani na kitabu chake. Mbele, kando ya njia, kijana mmoja amejikunyata akimngoja, ua la waridi mkononi. Hadithi imekwisha, unaicheka, unataka kuondoka. Usiondoke.

Jiulize jua liko wapi. Weka kidole kwenye kivuli cha kitu kimoja, kisha kingine, uone kama vinakubaliana. Kwa Waldmüller karibu kila mara vinakubaliana, na hiyo haikuwa kawaida kwa wachoraji wa wakati wake, waliochora watu ndani ya studio kwa mwanga laini wa dirishani kisha wakawawekea miti nyuma. Yeye alishikilia kwamba jua lichorwe lilivyo: kali, linalofinya macho, linalounguza upande mmoja wa shavu na kuuacha mwingine kwenye kivuli chenye rangi. Wakosoaji waliona mwanga huo ni mkavu na rangi zinapiga kelele.

Zoezi: chukua Vorfrühling im Wienerwald, mojawapo ya picha zake za miaka ya 1860. Aliirudia mandhari hii zaidi ya mara moja, kwa hiyo chagua yoyote. Ni msitu wa Vienna mwanzoni mwa machipuko, miti bado haina majani na watoto wanachuma maua ya zambarau. Geuza picha iwe nyeusi na nyeupe kwenye simu yako. Angalia jinsi mashina ya miti yanavyogawanyika katikati, upande mmoja mweupe karibu wa chokaa, upande mwingine mweusi. Msitu usio na majani ndio unaomruhusu kufanya hivyo, kwa sababu hakuna kinachozuia jua kufika chini. Kisha rudisha rangi, na uangalie vivuli ardhini: si vyeusi, vina rangi ndani yake. Wachoraji wa Ufaransa waliotoka na rangi zao nje miaka michache baadaye walifika mbali zaidi, lakini mzee huyu wa miaka karibu 70 alikuwa tayari njiani, peke yake, na bila kuacha umakini wake wa kuchora kila jani.

Hatua ya 4: Tazama miguu

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayobadilisha maoni ya watu. Nyuso za Waldmüller zinaweza kukudanganya. Alijua kuuza, na tabasamu linauzika. Miguu haidanganyi.

Fungua Am Fronleichnamsmorgen. Ni asubuhi ya Sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo, siku ambayo vijiji vya Kikatoliki hufanya maandamano ya Ekaristi. Wasichana wadogo wamevalishwa meupe, wana maua kichwani, jua limewajaa. Kwa mbali ni picha ya furaha tupu. Sasa kuza sehemu ya chini na uende polepole kutoka ukingo hadi ukingo, ukiangalia nani amevaa viatu na nani yuko pekupeku. Utawakuta watoto ambao hawajapambwa, wenye nguo za kila siku, wakiwatazama wenzao. Hakuna anayewafukuza, wala anayelia. Wako hapo tu kando ya sherehe, na mchoraji amewapa mwanga uleule aliowapa waliovaa meupe.

Rudia zoezi kwenye Reisigsammler im Wienerwald ya mwaka 1855, watu waliokwenda kuokota kuni msituni. Atakayeiona kwa haraka ataona mandhari ya machipuko. Anayejua kubeba mzigo wa kuni ataona kitu kingine: nani kabeba nini, mgongo umepinda kiasi gani, na umri wa anayebeba. Kisha rudi nyuma hadi mwaka 1830, kwenye picha ndogo ya mvulana ombaomba wa daraja la Hohe Brücke, katikati ya jiji la Vienna. Utagundua kwamba maskini hawakuingia kwenye kazi zake uzeeni. Walikuwepo tangu mapema, wakati ambapo hohehahe wa mjini hakuwa mada ya kujivunia kuning'iniza ukutani.

Katika daftari, kwa kila picha, andika mstari mmoja tu: nani ana viatu.

Hatua ya 5: Kaa na picha za shida

Kuna picha tatu ambazo nashauri uzitazame kwa pamoja, na usizitazame kwa haraka.

Ya kwanza ni Die Pfändung ya mwaka 1847, iliyo Wien Museum. Wenye amri wamefika kukamata mali ya familia inayodaiwa. Yeyote aliyewahi kuona madalali wa mahakama wakitoa makochi nje hahitaji kuelezwa. Mwaka una maana yake: mavuno yalikuwa mabaya miaka hiyo, bei za chakula zilipanda, na mapinduzi yalikuwa miezi michache mbele. Unapoitazama, mtafute kwanza mwenye mamlaka. Amesimama wapi ukilinganisha na familia? Anaangalia nini? Kisha tafuta kitu kinachochukuliwa, na mwisho angalia watoto, maana mara nyingi Waldmüller huweka jibu la picha kwa mtu mdogo kuliko wote.

Ya pili ni Die erschöpfte Kraft ya mwaka 1854, iliyo Belvedere. Ni usiku, taa inawaka. Mama ameanguka sakafuni kwa uchovu karibu na kitanda cha mtoto, na mtoto amelala. Yule bwana wa jua kali hapa hana jua hata kidogo. Angalia mwanga wa taa unafika wapi na unakoma wapi, halafu ujiulize kwa nini mama yuko chini, mahali ambapo macho yako hayakutegemea kumkuta. Picha za mama na mtoto zilikuwa bidhaa tamu ya Biedermeier, na Waldmüller mwenyewe alizichora nyingi. Hapa amechukua bidhaa hiyohiyo akaonyesha gharama yake.

Ya tatu ni Die Klostersuppe ya mwaka 1858, pia Belvedere. Watawa wanagawa supu kwa maskini, na umati umejaa: wazee, akina mama, watoto wenye bakuli. Hii ilinganishe na picha ya jina hilohilo iliyochorwa miaka 20 kabla, mwaka 1838, na Josef Danhauser, mchoraji mwenzake wa Vienna. Danhauser alikuwa ameanza na Der reiche Prasser mwaka 1836, tajiri anayekula na kumpuuza ombaomba. Katika picha ya supu, tajiri yuleyule amefilisika na anapanga foleni na aliowadharau. Kwa Danhauser ni hadithi yenye funzo, ya malipo ni hapahapa duniani. Kwa Waldmüller hakuna aliyeadhibiwa. Watu wana njaa, supu ipo, basi.

Ukipata muda ongeza Peter Fendi, aliyefariki mwaka 1842. Tafuta Das Mädchen vor dem Lotteriegewölbe ya mwaka 1829, msichana aliyesimama mbele ya duka la bahati nasibu. Fendi ana upole ambao Waldmüller hana, na ni kwa kuwaweka pamoja ndipo utaona jinsi Waldmüller alivyo mkavu pale anapotaka.

Tahadhari moja. Usimgeuze kuwa mwanamapinduzi. Picha hizi za maskini zilinunuliwa na watu wenye uwezo, zikaning'inizwa kwenye sebule zenye joto. Ipo pia, tena nyingi, kazi yake ambayo ni tamu kupita kiasi: bibi na wajukuu, harusi, zawadi za Krismasi. Perchtoldsdorfer Bauernhochzeit ya mwaka 1843, harusi ya kijijini, ni nzuri sana kwa ufundi lakini haina swali ndani yake. Alichora zaidi ya picha 1,000. Huwezi kutegemea zote ziwe na mfupa.

Hatua ya 6: Uliza nani kalipa

Hatua hii ni fupi. Kabla ya kuchora wakulima, Waldmüller aliishi kwa kuchora nyuso za wenye fedha, na ufundi wa miguu na vivuli aliupatia huko. Mwaka 1823 kampuni ya uchapaji muziki ya Breitkopf & Härtel ya Leipzig ilimwagiza amchore Beethoven. Beethoven alikaa mara moja tu, hana raha, na mchoraji akamalizia kwa kumbukumbu. Uso uliotoka ni wa mtu aliyekerwa, na nadhani ni wa kweli kuliko picha nyingi za kumtukuza. Picha hiyo, iliyokuwa Leipzig, iliangamia katika Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1827 alimchora mfalme mkuu, Kaisari Franz wa Kwanza.

Kwa mazoezi, chukua picha ya familia ya mthibitishaji wa nyaraka Dkt. Eltz ya mwaka 1835, iliyo Belvedere: baba, mama na watoto wanane, milima ya Ischl nyuma yao. Tazama hariri ya mama na ngozi ya mtoto, kisha nenda ukaangalie nguo za waokota kuni. Mkono ni uleule, na bidii ni ileile. Hakumpunguzia maskini ufundi kwa sababu halipi.

Hatua ya 7: Soma ugomvi wake na Chuo

Bila hatua hii, picha zote hapo juu zinabaki nusu.

Mwaka 1829 Waldmüller alifika alikotaka: aliteuliwa profesa katika Chuo cha Sanaa cha Vienna na mtunzaji wa hazina yake ya picha. Kazi ya serikali, mshahara wa uhakika, heshima. Mtu mwingine angenyamaza hadi kustaafu.

Yeye hakunyamaza. Mafunzo ya wakati huo yalimfanya kijana anakili michoro ya wengine, kisha sanamu za plasta, miaka nenda rudi, kabla ya kuruhusiwa kumkaribia binadamu aliye hai. Waldmüller aliona huko ni kupoteza ujana wa watu. Mwalimu wa mchoraji ni maumbile yenyewe, alisema, na mwanafunzi awekwe mbele yake tangu mwanzo. Akawa anafundisha kwa njia yake, wenzake wakakasirika. Mwaka 1846 alichapisha kijitabu cha kudai mafunzo yabadilishwe. Mwaka 1849, baada ya mapinduzi, akarudi na mapendekezo ya kukirekebisha Chuo. Na mwaka 1857 akatoa kijitabu kikali kuliko vyote, hadi kutaka vyuo hivyo vya sanaa vifungwe. Kumbuka, anayeyasema haya analipwa na chuo kimojawapo.

Walimstaafisha kwa nguvu na kumpunguzia pensheni. Alikuwa na miaka 64.

Sasa fungua daftari lako na uangalie tarehe. Am Fronleichnamsmorgen, ile ya watoto na jua na maua, ni ya mwaka 1857. Die Klostersuppe, foleni ya supu, ni ya mwaka 1858. Sitasema kwamba alijichora mwenyewe kwenye foleni ile, huo ni ushabiki. Lakini picha mbili zinazoonekana kuwa za walimwengu wawili zimetoka kwa mtu mmoja, ndani ya miezi ya fadhaa kubwa kuliko zote maishani mwake, na mwanga ndani yake haukutetereka.

Alikuwa ameanza kutafuta soko nje. Mwaka 1856 alifunga safari na picha zake akikusudia kufika Philadelphia, Marekani. Aliishia London, kwa sababu picha zilinunuliwa hapohapo, na watu wa familia ya kifalme wakiwa miongoni mwa wanunuzi. Mtu ambaye wenzake wa Vienna walimwona kero, London ilimmalizia mzigo. Mwaka 1864 Kaisari Franz Joseph alimrudishia heshima yake. Alifariki tarehe 23 Agosti 1865 huko Hinterbrühl, kusini mwa Vienna, kwa hiyo hakuifaidi sana.

Wanafunzi wake wafuate pia. Anton Romako alipita mikononi mwake, na ukizitazama picha za Romako zenye wasiwasi na nyuso za ajabu, utashangaa kwamba alitokea kwa mwalimu huyu. Hans Canon naye. Chuo kilibaki, lakini karibu na mwaka 1900 kizazi kipya cha Vienna kilichokuwa kikipigana vita vilevile kilimfufua Waldmüller kama babu yao, na maonyesho makubwa ya Berlin ya mwaka 1906 kuhusu karne ya sanaa ya Kijerumani yakampa nafasi yake.

Hatua ya 8: Angalia picha ilipita mikono ya nani

Kwenye kurasa za majumba ya makumbusho kuna sehemu inayoorodhesha wamiliki wa picha tangu mwanzo. Wengi huiruka. Kwa Waldmüller usiiruke, hasa miaka ya 1938 hadi 1945.

Alipendwa sana na familia za Kiyahudi za Vienna zilizokusanya sanaa. Alipendwa pia na Hitler, ambaye maajenti wake walimtafutia kazi za Waldmüller kwa ajili ya jumba la makumbusho alilopanga kulijenga Linz, mji wa Austria. Unaweza kukisia kilichotokea katikati. Austria ilipitisha sheria ya kurudisha sanaa iliyoporwa mwaka 1998, na picha za Waldmüller zimekuwamo kwenye madai hayo. Ukiona orodha ya wamiliki inaruka kutoka jina la familia kabla ya 1938 hadi duka la sanaa wakati wa vita, simama hapo na uulize. Jua lile na maua yale yamewahi kutolewa ukutani na watu wenye amri mkononi, kama kwenye Die Pfändung.

Kwa anayefikiria kununua, na wapo wanaouziwa "Waldmüller halisi" mtandaoni: alikuwa na kawaida ya kutia sahihi na mwaka kwenye picha zake, na aliigwa sana. Sahihi peke yake haithibitishi lolote. Bila karatasi za umiliki na mtaalamu, hesabu kwamba unanunua fremu.

Hatua ya 9: Ukibahatika kufika

Belvedere ya Juu hujaa watu wanaokwenda kupiga picha mbele ya Busu, mchoro maarufu wa Gustav Klimt. Waache. Muulize mlinzi zilipo picha za Biedermeier, na nenda asubuhi. Simama kwanza mbali, hatua tano hivi, uone mwanga. Kisha sogea hadi mlinzi aanze kukuangalia vibaya, utazame miguu. Kabla ya kwenda hakikisha kwenye tovuti kwamba picha unayoitaka imening'inizwa, kwa sababu jumba lina nyingi kuliko kuta zake. Wien Museum iliyopo Karlsplatz ilifunguliwa upya Desemba 2023 baada ya ukarabati, na wakati huo maonyesho yake ya kudumu hayakuwa na kiingilio.

Anayemtaka msichana wa "simu" aende Munich, siyo Vienna, kwani Die Erwartete ni mali ya Neue Pinakothek. Jengo hilo limefungwa kwa ukarabati tangu mwanzo wa mwaka 2019 na baadhi ya picha zake zimehamishiwa majumba jirani, kwa hiyo uliza kabla ya kukata tiketi.

Kaburi lake lilikuwa kwenye makaburi ya Matzleinsdorf, ambayo jiji liliyageuza bustani na kuipa jina lake: Waldmüllerpark, mtaa wa Favoriten, karibu na Matzleinsdorfer Platz. Baadhi ya mawe ya makaburi yameachwa pembeni, kwenye kivuli cha miti. Upande mwingine ni uwanja wa watoto, na ukifika mchana wa jua kali utawakuta wanacheza. Nenda na lile daftari, uchore kivuli kimoja kabla jua halijahama.